"Aliniambia ana miaka 18": sheria inasemaje kuhusu umri wa binti wa kazi

Mtihani wa darasa la saba ukishapita, simu za madalali wa mabinti wa kazi hazipumziki. Mama wa mjini anaagiza "binti wa kijijini, asiwe mjuaji", nauli inatumwa, na siku chache baadaye mtoto anashushwa stendi na kibegi chake. Umri hakuna aliyeuliza.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Wengi wameishika namba hiyo nusunusu, wakidhani akitimiza 14 basi ni mfanyakazi kama wengine. Sivyo. Wa miaka 14 anaruhusiwa kazi nyepesi tu, isiyodhuru afya na makuzi yake wala kumkosesha shule au mafunzo. Kwa kazi hatarishi, kama za migodini, viwandani na ubaharia, mpaka ni miaka 18. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataja pia kubeba mizigo mizito, na kazi za baa, hoteli na kumbi za burudani. Mwenye baa aliyemweka binti wa miaka 16 kuhudumia wateja asijitetee kwamba "kashavuka 14".

Sheria hiyo ya 2009, ambayo kwayo mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18, inasema kazi inayozidi saa sita kwa siku ni ya kinyonyaji, na inakataza kumfanyisha mtoto kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Sasa tazama siku ya binti wetu. Saa 11 alfajiri anachemsha maji ya kuoga ya watoto wa shule, mchana kutwa ana mtoto mgongoni, saa 4 usiku bado anamsubiri baba mwenye nyumba amfungulie geti na kumpashia chakula. Kazi nyepesi gani hiyo? (Mwanao mwenyewe kuosha vyombo au kuchota maji baada ya shule si ajira, tusichanganye mambo.)

Utetezi tunaousikia kila mara ni kwamba binti mwenyewe alisema ana 18. Hautoshi. Umri ukibishaniwa mahakamani, mwajiri ndiye anayepaswa kuthibitisha kwamba alichunguza na akawa na sababu ya msingi ya kuamini. Omba cheti cha kuzaliwa. Kama hakipo, kadi ya kliniki au cheti cha shule, na uwapigie wazazi badala ya kumtegemea dalali. Tena sheria inamtaka mwajiri aandike umri wa mfanyakazi kwenye maelezo ya ajira, jambo ambalo majumbani karibu halifanyiki kabisa.

Anayemtafutia mtoto ajira isiyoruhusiwa naye ana kosa, kwa hiyo dalali hachomoki. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi milioni 5, kifungo cha mwaka mmoja, au vyote viwili.

Na kama tayari unaye nyumbani mtoto wa miaka 13? Usimpakie basi la alfajiri kimyakimya. Mwone afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako au piga 116, namba ya bure ya huduma kwa mtoto, ili arudi kwao akiwa na wa kumpokea. Ujira wa muda aliofanya kazi ni haki yake, umlipe wote.