"Mwache, anajenga kinga": maana yake hasa ni nini?

Mtoto wa miezi kumi anaangusha biskuti sakafuni, anaiokota ikiwa na unywele juu yake, na inarudi mdomoni kabla mama hajageuka. Hapo lazima awepo mtu wa kusema, "Mwache, anajenga kinga." Kauli hiyo ina ukweli ndani yake, ila si ule ambao wengi wanaudhania.

Mzizi wake ni wa mwaka 1989. Mtafiti wa Uingereza, David Strachan, alipitia kumbukumbu za watu zaidi ya 17,000 waliozaliwa nchini humo Machi 1958 na kufuatiliwa hadi umri wa miaka 23. Aligundua kwamba mtoto aliyekuwa na ndugu wengi, hasa waliomtangulia kuzaliwa, hakusumbuliwa sana na mafua ya mzio, yale ya kupiga chafya maua yanapotoa chavua. Akakisia kuwa huenda maambukizi yanayoletwa nyumbani na kaka na dada ndiyo yaliyomkinga. Wazo hilo likaja kuitwa nadharia ya usafi, jina ambalo kwa maoni yangu limeleta hasara, maana watu walisikia "usafi" wakaanza kuitilia shaka sabuni.

Tazama vizuri alichokiona Strachan. Hakusema watoto wale waliugua maradhi machache. Alizungumzia mzio, na mzio si dalili ya kinga dhaifu. Ni kinga inayokurupuka: chavua isiyo na madhara yoyote inaingia puani, mwili unaichukulia kama adui, macho yanawasha na kamasi zinatiririka. Kinga ya namna hiyo nguvu inazo, tena za kutosha. Haikufundwa.

Na kufundwa kwenyewe hufanyika mapema, kwa sehemu kubwa katika utumbo, ambako zipo seli ambazo kazi yake ni kuwatuliza wenzake: hiki ni chakula, hiki ni vumbi, acheni. Seli hizo hunolewa na bakteria wa kila siku, wa kwenye ngozi ya mama, kwenye udongo, kwenye manyoya ya wanyama. Mwaka 2003 Graham Rook wa London aliwapa bakteria hao na wenzao jina la "marafiki wa kale", kwa sababu wameishi na binadamu tangu enzi za kuwinda na kuokota matunda. Surua haimo katika orodha hiyo. Ni ya juzijuzi tu, kwani huhitaji makazi yenye watu wengi ili iendelee kuenea.

Ushahidi ninaoupenda ulitolewa mwaka 2016 kutoka kwa jamii mbili za wakulima wa Marekani, Waamish na Wahutterite. Asili yao inakaribiana, vyakula vyao vinafanana, na wote wana familia kubwa. Tofauti ni kwamba Waamish hulima kwa farasi na mazizi yako hatua chache kutoka mlangoni, ilhali Wahutterite wana mashamba makubwa ya pamoja yenye mitambo. Pumu kwa watoto wa Waamish ilikuwa pungufu mara nne hadi sita. Watafiti walikusanya vumbi la nyumba zao na kuwanusisha panya: la Waamish liliwakinga na uvimbe wa njia za hewa, la Wahutterite halikuwakinga.

Kwa hiyo zizi, bustani na mbwa wa nyumbani ni habari moja. Kumpeleka mtoto kwa jirani mwenye tetekuwanga "aipate iishe" ni habari nyingine kabisa. Ni kweli mwili hukumbuka ugonjwa ulioupiga, lakini chanjo hutoa somo hilohilo bila kumlaza mtoto. Surua ndiyo mbaya zaidi, kwani hufuta hata masomo ya zamani: tafiti za mwaka 2019 zilionyesha watoto ambao hawakuchanjwa wakipoteza kati ya asilimia 11 na 73 ya kingamwili walizokuwa nazo dhidi ya vijidudu vingine.

Na yale mafua yasiyokoma ya mtoto aliyeanza chekechea mapema? Hayo ni deni analilipa mapema. Watoto hao huugua zaidi mwanzoni, kisha huugua kidogo kuliko wenzao wanapoanza shule.

Sabuni basi ibaki mahali pake: baada ya choo, baada ya kubadilisha nepi, baada ya kushika nyama mbichi, kabla ya kula, na nyumba ikiwa na mgonjwa. Kunawa mikono hupunguza kuhara kwa takriban theluthi moja, na kuhara hakumfundi mtoto mchanga, kunamuua. Dawa za kuua vijidudu kwenye kila mwanasesere, hizo unaweza kuziacha dukani.

Ile biskuti, kama imeanguka sebuleni na hakuna anayeharisha nyumbani, mwondolee unywele tu.