Dhana potofu kuhusu neno "burst" la Kiingereza, na ukweli wake

Dhana iliyoenea kuliko zote kuhusu kitenzi cha Kiingereza "burst" ni kwamba kina maana ile ile ya "explode", na kwamba mfasiri anaweza kuandika "kulipuka" kila anapokutana nacho. Ukweli ni kwamba vitenzi hivi viwili hulitazama tukio kutoka pande tofauti. "Explode" hutazama nguvu inayofumka: moto, kishindo, vipande vinavyotawanyika. "Burst" hutazama kile kilichokuwa kikizuia, kiwe ni ukuta wa bomba, ngozi ya jipu, ukingo wa mto au gamba la kichipukizi. Kizuizi kimesukumwa kutoka ndani hadi kimeshindwa, na kilichokuwamo kimetoka. Kishindo kinaweza kuwapo au kisiwepo. Ndiyo maana Waingereza husema kwamba mto "burst its banks" na hakuna anayewaza baruti, kwa kuwa mto umefurika tu na kuvunja kingo zake. Ndiyo maana pia wataalamu wa mimea huita "bud burst" kipindi ambacho vichipukizi hufunguka na majani machanga kuanza kuonekana, jambo ambalo hutokea kimya kimya na kwa siku kadhaa.

Bomba la maji linalopasuka wakati wa baridi kali ni mfano mzuri wa maana hiyo, na lenyewe limezungukwa na dhana yake potofu. Wengi huamini kwamba barafu hulipasua bomba pale pale ilipojitengenezea. Ni kweli kwamba maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, lakini mara nyingi kazi kubwa ya barafu hiyo huwa ni kuziba njia na kuyasukuma maji ambayo bado hayajaganda kuelekea kwenye koki iliyofungwa. Shinikizo hupanda kati ya kizibo cha barafu na koki, na bomba huachia mahali ambapo huenda hapakuwa na barafu hata kidogo. Hapa "burst" ni neno sahihi kabisa, ilhali "explode" lingepotosha.

Hata hivyo, si sahihi kudhani kwamba wazo la shinikizo la ndani limekuwamo katika neno hili tangu mwanzo. Katika Kiingereza cha Kale lilikuwa "berstan", lenye maana ya kuvunjika ghafla, na jamaa zake bado wanaishi katika Kijerumani ("bersten"), Kiholanzi ("barsten") na Kiswidi ("brista"). Shakespeare alilitumia kwa upana huo. Mwanzoni mwa tamthilia yake ya The Taming of the Shrew, mama mwenye kilabu anamuuliza mlevi iwapo hatalipia glasi alizozi-"burst". Glasi hizo hazikujaa kitu kikazipasua, bali zilivunjwa tu, na Mwingereza wa leo angesema "broken".

Kuhusu umbo la neno, makosa ni mepesi kusahihisha. Wapo wanaoandika "bursted" kwa wakati uliopita kwa kufuata kanuni ya jumla, ingawa katika Kiingereza sanifu cha leo umbo ni "burst" kwa wakati uliopo, kwa wakati uliopita na kwa hali timilifu, hivyo mara nyingi ni muktadha unaomwonyesha msomaji wakati unaokusudiwa. Wapo pia wanaodhani kwamba "bust" ni kosa la tahajia. "Bust" ilianza kama matamshi ya kilahaja yaliyodondosha sauti "r" kabla ya "s", kama vile "curse" ilivyozaa "cuss" na "horse" ikazaa "hoss", kisha ikajipatia maana zake yenyewe. Polisi wanapovamia na kukamata wauza dawa za kulevya, hiyo ni "bust". Kampuni iliyofilisika imekwenda "bust". Mchezaji wa karata za blackjack aliyepita 21 naye ni "bust". Katika mifano yote hiyo huwezi kurudisha "burst" bila kumchekesha msomaji. (Sanamu ya kichwa na mabega, ambayo nayo huitwa "bust", haina undugu wowote na neno hili, kwa kuwa ilitoka katika Kiitalia "busto" kupitia Kifaransa.)

Habari za masoko ya fedha huyaweka maneno haya mawili pamoja, na hapo ndipo umakini unapohitajika: kiputo cha bei, yaani bei zilizopanda kupita thamani halisi, hu-"burst", lakini kampuni iliyokuwa ndani ya kiputo hicho huenda "bust". Isitoshe, tamko la kwamba kiputo kimepasuka huwafanya wasomaji wadhani kwamba kila kitu kilianguka siku moja. Fahirisi ya Nasdaq, ya soko la hisa la Marekani, ilifikia kilele chake cha wakati huo tarehe 10 Machi 2000, ikafunga juu kidogo ya pointi 5,048, na mteremko wake uliendelea hadi Oktoba 2002, ikiwa imepoteza zaidi ya robo tatu ya thamani yake. Kupasuka huko kulichukua zaidi ya miaka miwili na nusu.

Sehemu inayowasumbua zaidi wanafunzi ni tofauti kati ya "burst into" na "burst out". Wengi huamini kwamba ni njia mbili za kusema jambo moja na kwamba mtu yuko huru kuchagua. Maana zinakaribiana kweli, lakini sarufi haizichanganyi. "Burst into" hufuatwa na nomino: "tears", "laughter", "song", "flames". "Burst out" hufuatwa na kitenzi chenye "-ing", na vitenzi vinavyokubalika hapo ni vichache, hasa "laughing" na "crying". Kwa hiyo "burst into crying" na "burst out tears" yote ni makosa, hata kama kila mtu ataelewa kilichokusudiwa. Mzungumzaji wa Kiswahili ana bahati ya kuwa na kitenzi kinacholingana na matumizi haya karibu kikamilifu, nacho ni kuangua. Mtu huangua kicheko na huangua kilio, na kitenzi hicho ndicho tunachokitumia kwa yai linalofunguka na kutoa kifaranga, yaani kwa gamba lililoshindwa kuzuia kilichomo.

Lakini kuangua hakufai kwa kila "burst into". "Burst into song" ni kuanza kuimba ghafla, na "burst into flames" ni kushika moto ghafla. Usemi huu wa mwisho hutafsiriwa mara nyingi kuwa "kulipuka moto", na msomaji hubaki akidhani kwamba gari lililoteketea lililipuka kwanza, jambo ambalo usemi wa Kiingereza hausemi kabisa. Kwa mchunguzi wa ajali, tofauti hiyo si ndogo. Nomino inayofuata ikiwa ni mahali, kama katika "burst into the room", basi mtu ameingia kwa vishindo bila kupiga hodi. Na "burst out" ikifuatwa na maneno yaliyonukuliwa, mtu amebwata yale aliyokuwa ameyameza kwa muda. Nomino yake "outburst" huelekea zaidi kwenye hasira kuliko kwenye furaha.

Umbo "bursting" nalo lina mtego wake. Mwanafunzi aliyezoea kwamba "is running" ni "anakimbia" hutarajia kwamba "is bursting" ni "kinapasuka", yaani tendo linaendelea mbele ya macho yetu. Mara nyingi sivyo. Ukumbi ulio "bursting at the seams" umejaa pomoni, na hakuna ukuta uliopata ufa. Mzazi aliye "bursting with pride" anaona fahari isiyo na kifani. Mtu aliye "bursting to tell you" ana habari ambayo hawezi tena kuibana. Na Mwingereza anayesema kwa ufupi "I'm bursting" anatafuta choo. Anayemwita daktari badala ya kumwonyesha mlango atakuwa amekosea kwa nia njema. Katika mifano yote, kizuizi bado kipo na hakuna kilichopasuka.

Tukiacha kitenzi na kugeukia nomino, dhana potofu ni kwamba "a burst" lazima iwe ni uharibifu. Kumbe nomino hii imesogea mbali na wazo la kupasuka, ikabaki na ughafla na ufupi pekee: jambo linalotokea kwa wingi katika muda mfupi, kisha likatulia. Mkimbiaji huongeza kasi kwa "burst of speed" na hadhira hupiga makofi kwa "burst of applause". Kamera iliyowekwa katika "burst mode" hupiga picha nyingi mfululizo kwa kubonyeza mara moja. Katika simu za mfumo wa GSM, "burst" ni kifurushi cha ishara kinachorushwa katika nafasi ya takriban maikrosekunde 577, kisha simu hunyamaza ikisubiri zamu yake kati ya nafasi 8. Mzunguko huo hujirudia karibu mara 217 kwa sekunde, na ndio uliokuwa ukisababisha ule mngurumo uliosikika kwenye spika za redio muda mfupi kabla ya simu kuita. Hakuna chochote kilichopasuka, si ndani ya simu wala ndani ya spika.

Mahali ambapo kosa la nomino hii lina madhara makubwa zaidi ni katika habari za vita. "A burst of gunfire" ni mfululizo mfupi wa risasi. Bunduki ya Kimarekani ya M16A2, kwa mfano, ilitengenezwa ili iweze kutoa risasi tatu kila kifyatuo kinapovutwa, na utaratibu huo huitwa "three-round burst". Mwandishi anayetafsiri hapo kwa "mlipuko" anawaambia wasomaji kwamba bomu limelipuka mahali ambapo palifyatuliwa risasi tu. Lakini ni lazima pia tukiri kwamba katika msamiati huo huo wa kijeshi kuna "burst" ambayo ni mlipuko halisi. "Air burst" ni mlipuko wa angani, kama wa bomu la Hiroshima la tarehe 6 Agosti 1945, lililolipuliwa takriban mita 600 juu ya mji. Wanasayansi wamelichukua neno hilo kwa vimondo pia, na kile kilicholipuka juu ya eneo la Chelyabinsk nchini Urusi tarehe 15 Februari 2013, kwenye kimo cha kilomita 30 hivi, huelezwa kwa neno hilo hilo. Kwa hiyo anayedai kwamba "burst" kamwe si mlipuko naye amekosea, sawa na yule anayedai kwamba ni mlipuko daima.

Katika elimu ya anga, "gamma-ray burst" hudhaniwa kuwa ni jina la mlipuko wa nyota. Jina hilo lilitolewa wakati ambapo hakuna aliyejua chanzo. Setilaiti za Marekani zilizoitwa Vela, ambazo kazi yake ilikuwa kuchunguza majaribio ya siri ya silaha za nyuklia, zilinasa mmweko wa mionzi ya gama tarehe 2 Julai 1967, na taarifa kuhusu mimweko ya aina hiyo ikachapishwa mwaka 1973. Kilichopewa jina ni ishara iliyofika kwenye vipokezi, iliyopanda ghafla na kuzimika, pengine ndani ya sehemu ya sekunde, pengine baada ya dakika kadhaa. Baadaye ilibainika kwamba mimweko mirefu hutokana na kuporomoka kwa nyota kubwa, na tukio la tarehe 17 Agosti 2017 likathibitisha kwamba mingine mifupi hutokana na kugongana kwa nyota za nyutroni, yaani mabaki yaliyoshindiliwa sana ya nyota kubwa zilizokufa. Kwa sababu hiyo napendelea "mmweko wa mionzi ya gama" kuliko "mlipuko". Kwa "starburst galaxy", neno mlipuko lingepotosha zaidi: galaksi ya M82 huitwa hivyo kwa sababu nyota huzaliwa ndani yake kwa kasi isiyo ya kawaida.

Mawingu nayo hayapasuki. "Cloudburst" humpa msomaji picha ya kiriba kilichotoboka, ilhali wingu ni matone madogo yaliyotawanyika hewani, wala halina ngozi ya kupasuka. Idara ya hali ya hewa ya India hulitumia neno hilo kwa mvua ya milimita 100 au zaidi ndani ya saa moja, katika eneo la kilomita za mraba 20 hadi 30 hivi. "Microburst" ni jambo jingine kabisa na haihitaji hata mvua ifike ardhini: ni hewa inayoporomoka kutoka katika wingu, ikagonga ardhi na kusambaa pande zote katika eneo lisilozidi upana wa kilomita 4. Mtaalamu wa hali ya hewa Tetsuya Fujita aliifafanua baada ya kuchunguza ajali ya ndege ya Eastern Air Lines iliyotokea karibu na uwanja wa John F. Kennedy mjini New York tarehe 24 Juni 1975. Ndege inayotua hukutana kwanza na upepo wa mbele unaoiinua, kisha ghafla na upepo wa nyuma unaoinyima nguvu ya kubaki hewani.

Mwisho kuna dhana kwamba kifaa kilichopasuka ni kifaa kilichoharibika kwa bahati mbaya. Viwandani hutumika "bursting disc", bamba jembamba la chuma linalofungwa kwenye mtungi wa shinikizo likiwa limetengenezwa lipasuke kwa kiwango kilichokadiriwa, ili gesi itoke kabla mtungi wenyewe haujashindwa. Bamba lililokataa kupasuka katika kiwango hicho ndilo bovu. Wachapaji nao walikuwa na mashine iliyoitwa "burster", ambayo iliingizwa karatasi ndefu za printa zilizoungana na kuzitenganisha kurasa moja moja kwenye mistari ya vitobo. Karatasi zilizotoka zikiwa zimechanika mahali pengine zilihesabiwa kuwa zimeharibika.