Laptopu Bubu Baada ya Kupandishwa Windows

"Fundi, spika zimeungua." Hivyo ndivyo mteja husema akiiweka laptopu mezani pangu hapa Kondele, Kisumu. Jana ilikuwa ikiimba, usiku ikapandishwa kutoka Windows 10 hadi 11, asubuhi ikaamka bubu. Tangu Microsoft ifunge huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kilio hiki nimekizoea.

Spika ni sumaku, koili na utando mwembamba. Kubadilisha mfumo hakuviunguzi. Kabla ya kugusa skrubu, mimi huiwasha laptopu kwa flashi yenye Ubuntu, mfumo mwingine usio Windows, bila kusakinisha chochote. Muziki ukitoka, spika ni nzima na kosa liko kwenye Windows.

Wengine huamini kwamba sauti ikikosekana basi imezimwa, wakapandisha kiwango hadi 100 na kuendelea kusubiri. Mwalimu mmoja wa kwaya kutoka Ahero alihangaika hivyo wiki nzima. Kumbe laptopu yake ilikuwa bado imeunganishwa kwa waya wa HDMI na projekta isiyo na spika, na sauti yote ilikuwa ikienda huko. Bofya alama ya spika kwenye kona ya chini kulia, kisha alama iliyo kando ya mstari wa sauti, uchague spika za laptopu. Sikumtoza kitu, ingawa nilitamani.

Dhana inayonisumbua zaidi ni kwamba draiva mpya lazima iwe bora. Draiva ndiyo mkalimani kati ya Windows na chipu ya sauti, ambayo mara nyingi ni ya Realtek. Kampuni kama HP au Lenovo huirekebisha draiva ili iendane na modeli yake. Ukipandisha mfumo, Windows inaweza kuweka nyingine isiyoelewana na chipu hiyo. Fungua Device Manager, orodha ya vifaa iliyo ndani ya Windows, ingia kwenye kifaa cha sauti, urudishe draiva ya awali. Kitufe cha kurudisha kikiwa kimefifia, ondoa kifaa hicho kwenye orodha na uwashe mashine upya: Windows itakisakinisha tena. Ikishindikana, pakua draiva ya modeli yako kwenye tovuti ya mtengenezaji. Zile programu zinazojidai kusasisha draiva zote kwa mpigo, ziache.

Na kufomati? Utapoteza faili, na huenda draiva ileile mbovu ikarudi. Ndani ya siku 10 tangu kupandisha, Windows hukuruhusu kurejea mfumo wa zamani faili zako zikiwa salama, mradi hujafuta folda ya Windows.old ili kupata nafasi ya filamu.