Elfu Moja ya Akina Nani?

Jirani yangu wa hapa Ngamiani, mjini Tanga, fundi cherehani ambaye baraza lake hutukusanya kila siku baada ya swala ya alasiri, aliniuliza swali ambalo nimeona nilijibu kwa maandishi, kwa kuwa jibu nililompa siku ile tukinywa kahawa halikumridhisha hata kidogo. Alikuwa amesikia redioni kwamba nchini Japani hufa watu wapatao 13 kwa mwaka katika kila watu 1000, ilhali Tanzania hufa yapata 6. "Sasa shehe," akaniambia, "hospitali zao na zetu ni mbingu na ardhi. Iweje wao ndio wafe zaidi?" Wenzetu wakaanza kutafuta sababu. Mmoja akataja upweke wa wazee, mwingine matetemeko ya ardhi, na wa tatu akasema kinachotuokoa ni samaki wetu wa soko la Deep Sea, hoja iliyozimika pale pale alipokumbushwa kuwa Wajapani nao ni walaji wakubwa wa samaki.

Takwimu zote mbili ni sahihi. Ugumu unatokana na jambo ambalo sisi tunaofanya kazi ya takwimu za watu tunalishughulikia kila siku, lakini tunasahau kulieleza. Shuleni tulifundishwa kuwa sehemu ina kiasi juu na asili chini. Msikilizaji wa redio huvutwa na kiasi, yaani wale waliozaliwa au waliokufa; mimi kazi yangu imenizoesha kuanza na asili, nikiuliza hao watu 1000 ni akina nani, wana umri gani, na wamefikaje hapo walipo.

Chukua mitaa miwili ya kufikirika, kila mmoja una wakazi 1000. Mtaa wa kwanza una afya njema: kwa mwaka hufa wazee 40 katika kila wazee 1000, na wasio wazee 2 tu katika kila 1000. Mtaa wa pili una afya duni zaidi, wazee wakifa 60 kwa kila 1000 na wengine 4 kwa kila 1000. Kwa kila rika, mtaa wa pili una hali mbaya zaidi. Lakini mtaa wa kwanza una wazee 300, na wa pili una wazee 40 tu. Fanya hesabu. Mtaa wa kwanza utazika wazee 12 na mtu mmoja au wawili katika waliobaki, jumla yapata 13. Mtaa wa pili utazika wazee wawili au watatu pamoja na watu wanne hivi wasio wazee, jumla yapata 6. Wenye afya bora wamezika mara mbili ya wenzao, na hakuna aliyedanganya mahali popote.

Hiyo ndiyo Japani na hiyo ndiyo Tanzania, ukiacha kwamba namba za mitaa yangu nimezikata ziwe nyepesi. Japani, karibu watu 3 kati ya kila 10 wamefikisha miaka 65, na mtoto anayezaliwa huko anatarajiwa kuishi yapata miaka 84. Kwetu nusu ya watu wako chini ya miaka 18 au karibu na hapo. Ndiyo maana kiwango hicho huitwa kiwango ghafi cha vifo, kwa maana hakijachambuliwa kwa umri, na kabla hakijakwambia lolote kuhusu hospitali huwa kimekwisha kukwambia kama nchi ni ya wazee au ya vijana. Nakiri kuwa mimi mwenyewe, nikiwa mgeni katika kazi, niliwahi kuandika taarifa nikiisifia wilaya moja kwa vifo vichache, kumbe sifa yake ilikuwa ni wingi wa watoto. Mfano ulio wazi kuliko yote ni Qatar, ambako kiwango ghafi cha vifo ni cha chini sana kwa sababu sehemu kubwa ya wakazi ni wafanyakazi wageni walio katika umri wa nguvu, ambao wakizeeka hurudi kwao. Sisi wa Tanga tunaweza kulielewa hilo bila taabu, kwa kuwa mashamba ya mkonge nayo yalijazwa zamani na manamba, wanaume wa umri wa kazi waliotoka mbali. Ukihesabu vifo au vizazi vya kambi kama ile, namba utakayoipata haielezi maisha ya mji wowote wa kawaida.

Upande wa vizazi hali ni hiyo hiyo. Tanzania huzaliwa yapata watoto 36 kwa mwaka katika kila watu 1000. Ukitoa vifo 6 unabaki na 30, yaani ongezeko la asilimia 3 hivi, nalo linakaribiana na asilimia 3.2 iliyopatikana katika Sensa ya mwaka 2022, iliyohesabu watu 61,741,120 kutoka 44,928,923 wa mwaka 2012. Kwa mwendo huo idadi hujirudia mara mbili kwa miaka 22 hivi. Watu wengi barazani huamini kwamba tumefika hapo kwa sababu wanawake wa siku hizi wanazaa zaidi. Wanazaa kidogo kuliko mama zao. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wastani ulikuwa zaidi ya watoto 6 kwa mwanamke, na utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta 4.8. Kilichoporomoka kwa kasi zaidi ni vifo: wakati ule watoto wapatao 141 katika kila 1000 waliozaliwa hai hawakufikisha miaka mitano, na mwaka 2022 walikuwa 43. Chanjo, vyandarua na tiba ya malaria vimewafikisha watoto shuleni, kisha vimewafikisha katika umri wa kuzaa, na hapo ndipo ongezeko linapojizalisha: kila mama ana watoto wachache, lakini akina mama wenyewe ni wengi kuliko wakati wowote uliopita. Hata kama kesho kila mwanamke wa Tanzania angezaa watoto wawili tu, idadi ingeendelea kupanda kwa miongo kadhaa, kwa kuwa mama wa miaka 20 ijayo wamekwisha kuzaliwa na wako chekechea.

Dunia nzima imo katika mkondo huo huo, ila kila nchi iko mahali pake. Katika miaka ya 1960 mwanamke duniani alizaa watoto wapatao 5 kwa wastani. Sasa ni 2.3 hivi. Kasi ya ongezeko imeshuka kutoka asilimia 2 na kidogo hadi chini ya asilimia 1, na bado kila mwaka dunia huongeza watu wapatao milioni 70. Korea Kusini wastani wa watoto kwa mwanamke ulikuwa 0.72 mwaka 2023, Niger ni kama 6, na idadi ya watu wa China ilianza kupungua mwaka 2022. Umoja wa Mataifa, katika makadirio yake ya mwaka 2024, unaona idadi ya watu duniani ikifika kileleni katikati ya miaka ya 2080, ikiwa bilioni 10.3 hivi.

Mkoa una kitu cha tatu ambacho dunia haina, nacho ni wanaohama. Pwani, mkoa wa wenzetu wa Bagamoyo, ulikuwa na watu 1,098,668 mwaka 2012 na 2,024,947 mwaka 2022, ongezeko la asilimia 6 kwa mwaka. Hakuna uzazi wa binadamu unaoweza kufanya hivyo peke yake. Hao ni watu waliohamia, wengi wakifuata viwanja na viwanda pembezoni mwa Dar es Salaam. Tanga tuliongezeka kwa asilimia 2.5 tu, chini ya wastani wa taifa, na yeyote aliyewahi kwenda stendi alfajiri anajua mabasi yaliyojaa vijana yanaelekea wapi.

Msomaji atauliza namba za vifo vya watoto hupatikanaje mahali ambapo wengi walizikwa bila cheti. Njia moja ilibuniwa na William Brass, Mskochi aliyefanya kazi katika idara ya takwimu ya Afrika Mashariki mjini Nairobi kuanzia mwaka 1948. Aligundua kwamba inatosha kumuuliza mwanamke maswali mawili: umezaa watoto wangapi wakiwa hai, na wangapi kati yao wapo hadi leo. Majibu ya wanawake wa miaka 20 hadi 24 hukupa makadirio ya vifo kabla ya kutimiza miaka miwili, na ya wanawake wa miaka 30 hadi 34 hukupa vifo kabla ya miaka mitano.

Maswali hayo yanaonekana mepesi mpaka uyaulize. Mwaka 2022 nilifuatana na karani wetu katika nyumba moja ya Ngamiani, katika barabara ambayo namba yake nitaificha kwa kuwa majibu ya sensa ni siri. Bibi mwenye nyumba alipoamkiwa aliitikia "marahaba wanangu," akatukaribisha mkekani, na alipoulizwa amezaa wangapi akajibu saba. Binti yake, aliyekuwa akipepeta mchele uani, akasema bila kugeuka: "Mama, na wale wa Pangani?" Bibi akanyamaza, kisha akasema wale hawakukaa, mmoja alikata roho kabla ya siku saba, mwingine hata jina hakupewa. Karani akamuuliza kwa adabu kama walilia walipozaliwa. Akasema walilia. Kwenye kishikwambi saba ikafutwa ikaandikwa tisa, na walio hai wakabaki watano. Kisha akaitwa mjukuu wake wa miaka 31, ambaye kwa hesabu zetu ndiye hasa tuliyemhitaji, akajibu akiwa amesimama mlangoni: amezaa watatu, na wote watatu wako madrasa.