Usikilizaji wa kina ni nini?

Kiswahili kimeshatufanyia nusu ya kazi. Tunasikia bila kutaka: honi, jenereta ya jirani, mtoto anayelia. Kusikiliza ni pale mtu anapotega sikio. Pauline Oliveros, mtunzi wa Kimarekani aliyezaliwa Houston mwaka 1932, alitumia miaka mingi ya kazi yake kuchimba tofauti hiyo. Alichokipata ndicho usikilizaji wa kina: kuzipa nafasi sauti zote, za mbali na za karibu, hata zile tulizozoea kuziita kelele.

Mambo yalianzia dirishani. Alipotimiza miaka 21 mama yake alimzawadia kinasa sauti, akakitega dirishani kinase chochote kipitacho. Alipousikiliza utepe akakuta mna sauti ambazo masikio yake hayakuzinasa, ingawa alikuwa hapohapo. Mashine haichagui. Sisi tunachagua, tena bila kujijua. Tangu hapo akajipa zoezi la kusikiliza kila kitu, kila wakati.

Jina lilikuja baadaye sana, nusu yake utani. Mwaka 1988 Oliveros na kodiani yake (naam, kodiani, kama ile ya taarabu), Stuart Dempster na tromboni, pamoja na mwimbaji Panaiotis, waliteremka kwenye tangi tupu la maji, zaidi ya mita 4 chini ya ardhi, katika ngome ya zamani ya Fort Worden, jimbo la Washington. Mle mwangwi hudumu sekunde 45. Hebu hesabu polepole mpaka 45 uone. Ukipiga noti haiondoki. Ya pili inaikuta, ya tatu inazikuta zote mbili, na ukikosea utakaa na kosa lako. Kwa hiyo kabla ya kubonyeza unalisikiliza kwanza tangi linasema nini. Rekodi yao ikabeba jina hilo, kwa Kiingereza Deep Listening: kina cha shimo, kina cha kusikiliza. Bahati nzuri neno letu linabeba yote mawili.

Wengi hudhania usikilizaji wa kina ni kukaa kimya kutafuta utulivu. Utulivu ukija, karibu, lakini sio uliofuatwa. Miaka ya 1970 Oliveros aliandika mazoezi yasiyo na noti hata moja, maelekezo matupu. Mojawapo linakutaka utembee usiku, kimyakimya, mpaka nyayo zigeuke masikio. Halitaki ala wala kiingilio. Viatu, kwa maoni yangu, viache mlangoni.