Ruta na kichwa cha pakiti: dhana potofu na ukweli

Dhana: Ruta ni tarishi tu, haigusi kichwa cha pakiti (maelezo yanayotangulia kila kifurushi cha data).

Ukweli: Inagusa kila sekunde. Inapunguza kwa moja TTL (idadi ya ruta ambazo pakiti bado inaruhusiwa kupita), na ya nyumbani inafuta anwani ya simu yako na kuweka yake: ndiyo NAT hiyo.

Dhana: Kubadilisha njiani machaguo ya TCP (nyongeza kwenye kichwa cha utaratibu unaohakikisha data inafika nzima) ni uharibifu.

Ukweli: Chaguo lipi? Steshenari moja ya Sinza iliniita: meseji za WhatsApp zinapita, tovuti kadhaa zinaganda. Laini ilikuwa ya PPPoE (njia ya kuunganisha mteja na mtoa intaneti), ambayo hula baiti 8 katika 1500 za pakiti kubwa ya kawaida. Nikaiambia ruta iandike MSS 1452 (1492 zinazobaki, kutoa 40 za vichwa) kwenye pakiti za kuanzisha muunganisho. Dada wa kaunta akafungua ukurasa uleule, ukaja. MSS ni kikomo: "usinitumie kipande kinachozidi hapa." Ukikishusha, vipande vinapungua ukubwa, basi, hakuna aliyedanganywa. (Ni kiraka, nakubali. ICMP, ujumbe unaomwambia mtumaji kuwa pakiti ni kubwa mno, ingeachwa ipite, huenda nisingeitwa.)

Dhana: Kama MSS inashushwa, hata mengine yanashushika.

Ukweli: Hapa mafundi wa Kariakoo na mimi huwa tunabishana mpaka chai inapoa. Dirisha la TCP (namba ya kompyuta inayopokea: "nitumie kiasi hiki kabla sijathibitisha") lina biti 16, mwisho wake baiti 65,535. Kwenda seva ya Ulaya na kurudi Dar kukichukua milisekunde 160, muunganisho mmoja hauvuki megabiti 3.3 kwa sekunde, hata ukiwa na faiba. Ndiyo maana likawekwa chaguo la kuzidisha. Kompyuta yako inatangaza: "namba yangu izidishwe kwa 128." Kifaa cha njiani kikiweka sifuri pale, yaani "usizidishe", kompyuta yako haina habari. Inaandika 500 ikimaanisha 64,000. Seva inasoma 500 kavu, inatoa data kwa kijiko. Heri kingeling'oa chaguo lote, pande zote mbili zingejua hakuna kuzidisha. Mwaka 2004 kasoro hii iliwasumbua watumiaji wa Linux, na wengi walidhani mbovu ni Linux.

Dhana: IPv6, toleo jipya la itifaki ya intaneti, imekataza mabadiliko yote.

Ukweli: RFC 8200 ya 2017, hati ya kanuni za IPv6, inakataza kuongeza au kufuta vichwa vya nyongeza njiani. Lakini ndani ya vichwa hivyo vinavyobeba machaguo, kila chaguo lina biti moja inayosema kama data yake inaruhusiwa kubadilika kabla ya kufika.