Je, wajua? Kuchelewa kwa chini ya sekunde moja kuliwahi kumfukuzisha mtu kazi

Mwaka 1796, katika kituo cha kutazamia nyota cha Greenwich, Uingereza, msaidizi aitwaye David Kinnebrook alifukuzwa kazi. Nyota zake zilikuwa zinachelewa.

Kazi yenyewe ilihitaji jicho na sikio kwa pamoja. Jicho kwenye darubini, ambamo mna nyuzi nyembamba zilizosimama wima. Sikio kwenye saa inayogonga kila sekunde. Nyota hupita kwenye uzi kati ya mlio mmoja wa saa na mwingine, nawe unakadiria ni katika sehemu ya ngapi ya kumi. Mkuu wa kituo, Nevil Maskelyne, aligundua kwamba msaidizi wake anaandika nusu sekunde baada yake. Akamwonya. Miezi michache baadaye tofauti ikafika sehemu nane za kumi.

Usidharau. Ukiwa kwenye ikweta, muda huo unatosha dunia kukuzungusha karibu mita 370.

Maskelyne mwenyewe alikiri kwamba kijana alikuwa mchapakazi. Wazo kwamba huenda yeye mkuu ndiye anayewahi halikumjia.

Lilimjia Friedrich Bessel, mwanafalaki wa Königsberg, baada ya kusoma kisa hicho. Alijipima na wenzake, mabingwa watupu, akakuta wengine wanapishana naye kwa zaidi ya sekunde nzima. Hakuna aliyekuwa mzembe. Kila mtu ana kasi yake. Basi wanafalaki wakaanza kumpa kila mtazamaji namba yake ya kuongeza au kupunguza. Tofauti iliyokuwa kosa la mtu ikawa kipimo.

Karibu karne moja baadaye, Hugo Münsterberg, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, aliitumia fikra hiyo kazini, kwa madereva wa tramu, zile treni za umeme za barabarani mjini. Alichora kadi zenye reli mbili katikati na tarakimu pembeni: 1 ni mtembea kwa miguu, 2 ni farasi, 3 ni gari. Tarakimu nyeusi inakwenda sambamba na reli, nyekundu inaielekea reli. Dereva anazungusha mkono wa mashine, kadi zinapita dirishani, naye anataja upesi mahali penye hatari. Wanahesabu sekunde alizotumia na hatari zilizompita.

Ila kilichonivutia mimi si kadi. Kabla ya kumpima mwombaji yeyote, Münsterberg aliwaketisha madereva wa kampuni, wale wenye sifa ya miaka mingi na wale waliokuwa karibu kufukuzwa kwa ajali, aone kama alama zao zinatofautiana kama kazi yao inavyotofautiana. Mpaka leo hilo ndilo swali la kwanza la kuuliza ukiletewa karatasi ya maswali kwenye usaili: wanaoifanya kazi hii vizuri sasa hivi wameshaijibu? Walipata ngapi?